Bahati Nasibu na Divai ya Ndotoni

Liko neno moja ambalo siku hizi lasikika sana katika milima yetu ya Usambara, barazani, sokoni, na hata garini watu watokapo Rangwi kwenda Lukozi na Lushoto. Neno hilo ni hili: "Nikishinda." Mmoja husema, nikishinda bahati nasibu nitajenga nyumba ya ghorofa, wa pili husema, nitanunua gari. Na wale waliosoma kidogo, wakapata kufanya kazi mijini na kuziona meza za wakubwa, huja na maneno mapya kuliko hayo. Wao husema, nikishinda nitaagiza divai ya Ufaransa, ile ya zamani, ya bei kubwa kuliko zote. Nitaiwekea chumba kizima chini ya nyumba, nami nitashuka kila jioni kuchagua chupa. Nimeyasikia haya kwa walimu, na kwa makarani, na kwa vijana wasiopata bado hata ngwe moja ya viazi. Huyasema kwa furaha, na wasikiao hucheka, wala hakuna akemeaye, kwa sababu wote wadhani ya kuwa ndoto ni bure.

Mimi napinga. Nasema ndoto hii si bure. Ina bei, tena ina mwuzaji, na yule mwuzaji ndiye ashindaye siku zote. Nasema tena ya kuwa, hata kama ingekuwa bure, ingali ndoto mbaya, maana hutuzoeza kutamani yasiyotufaa na kudharau yatufaayo. Nitajaribu kuyaonyesha haya mawili, kwa hesabu kwanza, kwani mwalimu asiyeanza na hesabu huambiwa anahubiri tu. Kisha kwa habari za divai yenyewe. Na mwisho kwa mambo yetu ya nyumbani.

Bahati nasibu si jambo geni katika nchi hii. Sheria ya bahati nasibu za taifa ilitungwa mwaka 1974. Mwaka 2003 ikatungwa Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, iliyoweka Bodi ya kuiangalia michezo yote ya namna hiyo. Na mwaka 2025 Bahati Nasibu ya Taifa ilizinduliwa upya. Kando yake ziko kamari za mpira, ambazo vijana hupanga mechi nyingi pamoja wakaziita "mkeka". Na mkeka huo, mechi moja ikienda kombo, wasema umechanika. Ziko pia mashine za kutumbukiza sarafu ya shilingi 200, ziitwazo bonanza au dubwi, ambazo zimefika mpaka maduka ya vijijini. Sheria yamkataza kucheza mtu aliye chini ya miaka 18. Lakini mashine haina macho ya kumtambua mtoto, na mwenye duka mara nyingi hufumba yake. Mimi nimemwona kwa macho yangu mtoto wa darasa la tano akisimama mbele ya mashine hiyo na sarafu aliyopewa ya kununulia kalamu. Duka sitalitaja, kwani halikuwa la pekee.

Sasa tufanye hesabu, na kila mwenye karatasi aifanye pamoja nami. Tuuchukue mchezo ujulikanao sana duniani, wa kuchagua namba 6 katika namba 49, kama Waingereza walivyoucheza tangu mwaka 1994 mpaka 2015. Namba ya kwanza waweza kuichagua kwa njia 49, ya pili kwa 48, ya tatu kwa 47, hivyo hivyo mpaka ya sita kwa 44. Zidisha zote pamoja, utapata 10,068,347,520. Lakini mpango wa kutangulia na kufuata haudhuru katika mchezo huu, kwa hiyo gawanya kwa 720, ambayo ni 6 mara 5 mara 4 mara 3 mara 2. Jibu ni 13,983,816. Mwenye tiketi moja ana njia moja tu katika njia hizo zote.

Hesabu kubwa namna hii haiingii akilini, basi tuipime kwa maharage. Tuseme kilo moja ya maharage ina punje 2,500. Punje 13,983,816 zitakuwa kilo 5,593, yaani magunia 56 ya kilo mia mia. Haya, yapange magunia hayo 56 uwanjani pa shule, utie alama punje moja tu, uichanganye na zote, kisha umfunge mtu kitambaa machoni, umwambie atie mkono mara moja na kutoa punje moja. Je, yuko mkulima wa Rangwi atakayelipa fedha yake kwa mchezo huo? Atacheka na kwenda zake. Walakini mchezo ni ule ule; ulibadilishwa nguo tu, ukavikwa karatasi ya rangi na picha za watu wanaotabasamu. Na tena, mtu anunuaye tiketi moja kila siku ya Mungu, bila kukosa hata Jumapili, angehitaji miaka zaidi ya 38,000 kununua tiketi zilizo sawa na hesabu ya njia zile. Na mwaka 2015 wenye mchezo huko Uingereza waliongeza namba zikawa 59, na njia zikawa 45,057,474. Maana yake magunia 56 yalikuwa 180, na punje yenye alama ilibaki moja. Sidhani ya kuwa walifanya hivyo kwa kumhurumia mchezaji.

Tena katika fedha zote zilizolipwa katika mchezo ule wa Uingereza, karibu nusu tu ndiyo irudiyo kwa wachezaji wote pamoja kuwa zawadi; nyingine ni kodi ya serikali, na matumizi mema ya taifa, na gharama na faida ya wenye mchezo. Ndugu zangu wakulima, ninyi mwaijua lumbesa. Mwajua jinsi mnunuzi ajavyo na gunia lililoongezwa kilemba juu, akajaza viazi vyenu mpaka vikafanana na mlima, kisha akalipa bei ya gunia moja. Mmelia juu ya jambo hilo miaka mingi, na sheria ya vipimo i pamoja nanyi. Lakini bahati nasibu ni lumbesa kuliko lumbesa zote: watoa shilingi mia, kwa hesabu ya wengi warudishiwa kama hamsini, tena hamsini hiyo hupewa mtu mmoja usiyemjua. Ajabu ni hii, ya kuwa mtu akataaye lumbesa ya viazi asubuhi huinunua lumbesa ya ndoto jioni, na kumshukuru aliyemwuzia.

Mtu atanijibu, "Lakini wako washindao!" Ni kweli. Mwezi wa Mei, mwaka 2017, kijana mmoja wa Kenya alibashiri mechi 17 sawasawa akashinda shilingi 221,301,602 za Kenya, na habari yake ikaenea Afrika Mashariki yote. Nami nauliza: fedha hizo zilitoka wapi? Hazikushuka kama mana. Zilitoka mifukoni mwa watu wengi mno ambao magazeti hayakuandika majina yao wala picha zao hazikupigwa. Mshindi mmoja hutangazwa kwa ngoma, na waliopoteza hurudi makwao kimya. Kama magazeti yangewaandika wote, mmoja mmoja, na jumla aliyotoa kila mtu, na kitu gani nyumbani mwake hakikununuliwa kwa ajili hiyo, karatasi za nchi nzima zisingetosha, na pengine mchezo ungekwisha.

Nina rafiki, mwalimu mwenzangu, mtu mwenye akili, ambaye hushindana nami juu ya jambo hili. Yeye husema, "Bwana, hesabu yako naijua kama wewe. Mimi sinunui ushindi, nanunua ndoto. Wewe wanunua soda, na mimi kwa fedha ile ile nalala usiku mmoja nikiwa tajiri, nina chumba cha divai, nimeketi na watu wakubwa. Asubuhi naamka mwalimu kama jana. Nani ameumia?" Hili ndilo jibu lenye nguvu kuliko yote yasemwayo upande wao, wala silidharau. Maskini naye ana haki ya kufikiri mambo mazuri.

Lakini soda hukata kiu, na ndoto hii huzidisha kiu. Mtu akinywa soda hutua chupa akaenda zake. Mtu akinunua ndoto, kesho yake ndoto imekwisha muda wake, hana budi kununua nyingine, na ile ya pili sharti iwe kubwa kuliko ya kwanza ili impendeze. Wazee walisema, cha mlevi huliwa na mgema. Hawakusema ya kuwa mgema ni mwizi. Walisema tu mali huelekea wapi. Na rafiki yangu aulizapo, nani ameumia, mimi namwambia: limeumia shamba. Kwani mtu akikaa usiku kucha akiwa na mamilioni, asubuhi jembe huwa zito, na ngwe ya viazi huonekana ndogo, na mshahara wa mwalimu huonekana kama tusi. Si kwamba shamba limepungua au mshahara umekatwa. Ni jicho lake lililoharibika. Tuna vijana katika milima hii wanaoyaacha matuta ya baba zao yakibomoka kwa mvua, si kwa kuwa wamepata kazi nyingine, bali kwa kuwa wangoja. Ukiwauliza wangoja nini, hawawezi kusema mbele ya watu wazima.

Tena tuitazame ile fedha ndogo, maana wengi husema ni ndogo. Shilingi 500 kila siku ni shilingi 182,500 kwa mwaka. Watu kumi wakiziweka pamoja ni 1,825,000. Wake zetu na dada zetu wa VICOBA waijua hesabu hii kuliko sisi wanaume. Wao huweka hisa kila juma, hukopeshana, na mwisho wa mwaka hugawana, na katika mgawo huo hakuna atiaye mkono gizani katika magunia 56. Mtu akitaka kuota, basi aote akiwa na daftari la VICOBA mkononi. Ndoto yake itakuwa ndogo, lakini itakuwa na tarehe.

Hayo ndiyo ya hesabu. Sasa tuje katika divai yenyewe, au mvinyo, kama wengi wasemavyo siku hizi. Nimeichagua katika ndoto zote kwa sababu hiyo yaonyesha wazi ugonjwa ulivyo. Mtu aotaye nyumba huota kitu kitakachomfaa mkewe na watoto wake, nami simlaumu sana. Lakini mtu aotaye chupa ya divai ya bei kubwa kuliko zote, huyo aota nini?

Mwezi wa Oktoba, mwaka 2018, huko New York, katika mnada wa Sotheby's, chupa moja ya divai ya Romanée-Conti ya mavuno ya mwaka 1945 iliuzwa kwa dola 558,000 za Marekani. Ni zaidi ya shilingi bilioni moja za kwetu. Chupa kama hiyo hutoa bilauri 6 ndogo; basi kila bilauri ni dola 93,000, nayo ni zaidi ya shilingi milioni 200. Wenye mnada wenyewe walikuwa wamekadiria ya kuwa haitapita dola 32,000. Je, divai ile iliongezeka utamu mara 17 kati ya asubuhi na jioni? Hasha. Kilichoongezeka ni mashindano ya matajiri wawili watatu, kila mmoja asitake kushindwa mbele ya mwenzake. Basi mtu aotaye chupa ile haoti kinywaji, maana ulimi haujui dola. Aota kutazamwa na watu.

Na wale wanaotazamwa hudanganywa pia. Mwaka 1985, katika mnada wa Christie's mjini London, chupa moja iliyosemwa kuwa ni ya mwaka 1787, nayo eti ilikuwa mali ya Thomas Jefferson aliyepata kuwa Rais wa Marekani, iliuzwa kwa pauni 105,000. Walionunua wakaiweka mahali pa kuonyeshea watu, chini ya taa. Kizibo kikakauka kwa joto, kikatumbukia ndani. Baadaye watu walifanya shaka kubwa kama chupa ile na wenzake zilipata kumwona Jefferson hata siku moja. Tena yuko Rudy Kurniawan, aliyewauzia matajiri wa Marekani divai za zamani za Ufaransa kwa mamilioni ya dola, kumbe alikuwa akizichanganya mwenyewe nyumbani kwake California, na kubandika karatasi za majina juu ya chupa. Alitiwa hatiani New York mwezi wa Desemba 2013, na mwaka 2014 akahukumiwa kifungo cha miaka 10. Lakini kabla ya kukamatwa, wajuzi wengi walizinywa divai zake wakazisifu mno. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Naye huyu alisifiwa miaka mingi. Basi kama matajiri wenye walimu wa kuonja divai hawakuijua ya kweli na ya uongo, wewe uliyeshinda jana, utaijuaje? Utauziwa maji ya zambarau kwa bei ya gari, nawe utashuka kila jioni kuyatazama.

Walakini iko habari moja katika shamba lile la Romanée-Conti ambayo ningependa kila mtu wa Usambara aijue, nayo waotao hawaitaji kamwe. Shamba lile lote ni hekta 1.8 tu, kama ekari nne na nusu. Liko mtelemkoni. Kwa karne nyingi lilikuwa la watawa wa Saint-Vivant, nao walilima na kuchagua miche kwa mikono, kizazi baada ya kizazi. Katika mwaka ule wa 1945 mizabibu yake ilikuwa imezeeka na kudhoofika kwa wadudu walao mizizi, na mavuno yalitoa chupa 600 tu. Baada ya mavuno hayo wenyewe wakaing'oa, wakapanda mingine, wakangoja. Hawakupata tena divai ya shamba lile mpaka mavuno ya mwaka 1952. Sikieni basi! Hao ndio wenye divai ya bei kubwa kuliko zote duniani: watu wa shamba dogo la mtelemkoni, waliong'oa walichokuwa nacho na kukaa miaka bila mavuno kwa ajili ya udongo na mizizi. Sisi tu watu wa mashamba madogo ya mtelemkoni. Kama twataka kutamani kitu cha Ufaransa, mbona twatamani chupa yao, wala hatutamani subira yao?

Na tena, kwani divai haiko kwetu? Huko Dodoma mizabibu ilipandwa na wamisionari Wakatoliki wa Bihawana katika miaka ya 1950, nayo leo huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo Ufaransa haliwezekani kwa ajili ya baridi. Liko na zabibu jekundu lililopewa jina la Makutupora, kwa jina la mahali pale. Lakini wakulima wa Dodoma wamelalamika mara nyingi kwamba zabibu zao zaiva na soko halionekani. Hapa kwetu, upande wa Soni, shamba la Wabenediktini la Sakharani hutengeneza divai, na mtu aweza kuinunua bila kushinda kitu chochote. Nawaambia waotao: kama ni divai mtakayo, ipo, na bei yake yajulikana. Mkisema, "Hiyo si ile," basi mmekiri wenyewe ya kuwa hamtaki divai, mwataka jina. Nami sijui ni aibu ipi kubwa zaidi, ya mkulima wa Dodoma kukosa mnunuzi wa zabibu zake, au ya mwenzake wa mlimani kuota usiku kucha divai ya watu wasiomjua.

Kuna waniambiao ya kuwa dini imeruhusu. Husema, Mitume walipiga kura walipomchagua Mathia, na Bwana wetu aligeuza maji kuwa divai arusini Kana. Basi kura ni halali na divai ni halali, pingamizi li wapi? Wamesoma, lakini wamesoma mbio. Kura ya Mitume haikuuzwa. Hakuna aliyelipa kuingia, wala aliyeshinda hakuchukua mali ya walioshindwa. Alichukua kazi, tena kazi ya hatari. Na divai ya Kana haikuwekwa chini ya nyumba ili mtu mmoja aitazame. Ilitolewa kwa wageni wote, na wengi wao hawakujua imetoka wapi. Wale askari waliopigia kura kanzu chini ya msalaba, hao hawatajwi na wapenzi wa bahati nasibu, ingawa ndio wafananao nao zaidi. Na ndugu zetu Waislamu, walio wengi katika wilaya hii ya Lushoto, wana mashauri mafupi kuliko yetu, maana Kurani yautaja ulevi na kamari pamoja katika aya moja ya sura ya Al-Maida na kukataza vyote viwili. Mkristo aweza kunywa divai kwa kiasi, na Mwislamu haigusi. Lakini katika jambo la kamari sijaona tofauti ya maana kati ya padre mwenye busara na shehe mwenye busara.

Mwisho, natoa shahidi wa kwetu, asiye padre wala shehe. Habari za Wakilindi zasimulia ya kuwa Mbegha, mfalme wa kwanza wa Usambara, alizaliwa huko Nguu akiwa kigego, mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, na watu walimhesabu kuwa mtu wa mkosi. Jamaa zake walimnyima urithi, akafukuzwa, akawa mwindaji wa porini na mbwa wake. Angeuliza watu wa siku zake juu ya bahati, wangemwambia ya kuwa yake imekwisha kabla ya kuanza. Alifanya nini? Aliwinda nguruwe walioharibu mashamba ya watu, na nyama akaigawa kwa wenyeji, nao wakampa vyakula vya mashambani. Akaamua mashauri yao, akaua simba, wakamwita mfalme, wakamkalisha Vuga. Haisemwi kwamba aliificha nyama bora chini ya nyumba. Angeificha, angekufa mwindaji asiye na jina.

Hiyo ndiyo mizani ya kale ya nchi hii juu ya mtu aliyepata. Wazee hawakuuliza mfalme anakunywa nini. Waliuliza kama mvua imenyesha na kama nchi imepona mkononi mwake. Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862, alikuwa mwenye nchi kubwa, na watu walimsifu au kumlaumu kwa njaa na shibe yao. Kwa mizani hiyo, mtu mwenye chumba cha divai na majirani wasio na maji ya bomba ni mtu asiyepata kitu. Amepewa bahati, akaigeuza mkosi.

Najua ya kuwa sitawazuia watu wasiote. Wala serikali haitafunga mchezo huu leo au kesho, maana hupata kodi humo. Lakini tulio walimu tuna kazi tuwezayo kuifanya bila amri ya mtu. Hesabu ya magunia 56 na ifundishwe katika kila darasa, kwa maharage ya kweli, mpaka mtoto aione kwa macho kabla hajaiona mashine. Wazazi na wamwulize mwenye duka kwa nini mtoto wao alikuwa mle ndani. Wamwulize watatu wanne pamoja, kwani mmoja hupuuzwa. Wenye mshahara na waache kusifu mikeka yao mbele ya vijana wasio na mshahara, kwa sababu mtu mwenye akiba hucheza, na asiye nayo humwiga na kuzama.

Na mtu akija barazani kwako, Bwana msomaji, akaanza kusema, "Nikishinda," akikupeleka Ufaransa na kukushusha ngazi mpaka chumba cha chupa, usimcheke wala usimtukane. Mwache amalize, umpe kiti, kisha mwulize neno moja tu kwa upole: "Na usiposhinda, ndugu yangu, kesho asubuhi utafanya nini?" Akiwa na jibu, msaidie. Akiwa hana, msaidie zaidi.

Mwalimu, Rangwi